Sauti Iliyoita Ukutani Adhuhuri

Waliotutangulia katika imani wameipokezana habari hii hadi ikatufikia, nami naileta mbele yenu kama nilivyoipokea. Wanasema kwamba zamani, katika nchi ya Wanubi, wafalme wa kule walipokuwa bado Wakristo na makanisa yakiwa yamejipanga kando ya mto Nili, palikuwa na nyumba ya watawa jangwani, mbali na mto, mahali ambapo upepo huleta mchanga na hauleti kitu kingine. Watawa wale walisuka mikeka, walifunga, walisali saa zao zote, na walimcha Mungu kwa kweli. Nalisema hili mapema, kwa sababu mtakayoyasikia mbele yanaweza kuwafanya mdhani kwamba walikuwa na mioyo ya mawe. Hawakuwa nayo. Walikuwa waja wema waliokosea, na walikosea kwa sababu ya jambo ambalo wao wenyewe walilihesabu kuwa taji lao.

Mkuu wao aliitwa Aba Merkuri, na Aba kwao ni kusema Baba. Watu waliamini kwamba Mwenyezi Mungu alikuwa amemjalia kipawa cha kupambanua roho. Mtu akiota ndoto, akisikia sauti, au akisukumwa ghafla moyoni kufanya jambo, alimwendea, naye Aba alimwambia kama jambo lile limetoka kwa Mungu au kwa yule adui. Kipimo chake kilikuwa kimoja, na kila mtawa alikijua kwa ghibu: kinachokuvuta mbele ni cha Mungu, kinachokuvuta nyuma ni cha Ibilisi. Maneno mafupi namna hiyo hupendwa sana, maana humpunguzia mtu kazi ya kutazama.

Sifa ya Aba Merkuri ilianzia ujanani mwake, na kisa chake alisimuliwa kila aliyeingia pale kuanza utawa. Ilikuwa adhuhuri, jua limesimama juu ya vichwa, naye alikuwa chumbani akisuka mkeka. Akasikia sauti ya mama yake nje ya ukuta, ikimwita kwa jina la utoto, ikimsihi atoke. Moyo ulimruka. Lakini alijua kwamba mama yake yuko mbali, ng'ambo ya safari ya kumchosha ngamia, na kwamba Ibilisi hupenda adhuhuri, mtu anapokuwa na njaa na kichwa kimepata moto. Basi hakutoka. Alikimbilia ule ubao mrefu unaogongwa kuwaita ndugu kwenye sala, akaugonga kwa nguvu zake zote, ndugu wakakusanyika, wakaimba zaburi hadi sauti ikanyamaza. Wazee wa wakati ule walimkumbatia, wakasema leo adui ameshindwa mbele ya macho yetu.

Tangu siku ile ikawa desturi ya nyumba. Sauti yoyote ikija ukutani adhuhuri, ikamwita mtawa kwa jina lake la utoto, hakuna kuijibu na hakuna kuchungulia. Ubao unagongwa, na wote wanaimba mpaka pawe kimya. Msicheke, ndugu zangu. Jangwa wakati wa adhuhuri si mahali pa kawaida, na mara nyingi sauti zile zilikuwa kweli hazina mtu. Wanaume waliofunga siku nyingi wakiwa juani husikia mengi.

Katika nyumba ile alikuwapo mtawa aliyeitwa Onofri. Jina hilo alipewa siku ya kuvaa joho. Nyumbani kwao kando ya mto aliitwa Kudi, na aliyemwita hivyo alikuwa mama yake, Petronia, mjane aliyekuwa na shamba dogo, ng'ombe dume mmoja, na lile gurudumu la mbao ambalo ng'ombe hulizungusha ili livute maji mtoni na kuyamwaga kwenye mifereji. Utoto wote wa Kudi ulikuwa kumfuata ng'ombe yule akizunguka na kuzunguka. Alikuwa akiimba ili asisinzie. Gurudumu lilikuwa likilia mwishoni mwa kila mzunguko, mlio mrefu wa mti unaojikuna na mti, naye alizoea kuuvuta mwisho wa kila mstari wa wimbo hadi mlio ule uishe. Akaja kuwa mtu mzima na mazoea hayo hayakumtoka. Hata kanisani kwa watawa, ndugu wote wakishamaliza mstari, sauti ya Onofri ilibaki nyuma peke yake kidogo, kisha ikazima. Kiongozi wa nyimbo alimkemea mara nyingi hadi akachoka.

Sasa sikilizeni desturi ya watu wale wa mtoni, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotokea. Mtoto wa kule hakuondoka nyumbani bila baraka. Alipiga magoti mlangoni, mama akachota maji ya mto kwa kiganja, akammwagia utosini, akamwambia: "Nenda na amani, rudi na amani, mlango uko wazi." Aliyeondoka bila maji yale alihesabiwa kuwa bado hajaondoka, yuko njiani tu, hana kwao wala hana aendako. Na Kudi aliondoka bila maji hayo. Alitoka alfajiri mama yake akiwa mtoni, kwa sababu alijijua. Alijua kwamba akipiga magoti, akausikia mkono ule kichwani, hatasimama tena kwenda kokote.

Miaka ikapita, na miaka ile yote Onofri aliishi na hamu ambayo hakuwa na pa kuiweka. Aliikuta kwenye sahani ya dengu, aliikuta katikati ya sala. Upepo ukisukuma mlango wa ghala ukalia, alisimama alipo na mikeka mikononi, akisikiliza, hata ndugu wakampita. Alimpenda Mungu, wala hakujutia joho lake. Alichotaka ni kidogo tu, kuusikia mkono ule kichwani mara moja, halafu arudi kwenye kazi yake. Akaenda kwa Aba Merkuri, akamwambia yote. Aba alimsikiliza kwa upole mkubwa, kwa maana alikuwa mzee mpole, kisha akamwuliza kama hamu ile inamvuta mbele au nyuma. Onofri akakiri kwamba inamvuta nyuma. Basi Aba akamwambia ajihadhari, kwa kuwa adui ameshapata mlango wa kuingilia, na haitachukua muda ataleta sauti.

Na kweli sauti ikaja.

Ilikuwa adhuhuri ya msimu wa joto. Ndugu walikuwa vyumbani, ukuta unawaka, hata nzi wamejificha. Onofri akasikia nje, karibu kabisa na ukuta, mtu akiita kwa sauti iliyokauka: "Kudi. Kudi, mwanangu, ni mimi."

Alisimama akiwa amekamata ukindu aliokuwa akisuka. Mwili wote ulitaka kwenda. Miguu yake ilikuwa imeshafika mlangoni pa chumba kabla akili haijafika, na pale mlangoni alimkuta Aba Merkuri, ambaye naye alikuwa ameisikia. Hakusema neno la ukali. Alimshika Onofri bega, akamwelekeza kwa mkono mahali ubao ulipotundikwa, na Onofri, kwa utii aliouapia mbele ya madhabahu, akaenda akaugonga mwenyewe. Ndugu wakatoka, wakasimama uani juani, wakaimba. Waliimba zaburi moja baada ya nyingine, na Onofri aliimba kuliko wote, machozi yakimwingia mdomoni, akiuvuta mwisho wa kila mstari kama kawaida yake. Nje ya ukuta pakawa kimya. Wakaendelea kuimba hata hivyo, ili wahakikishe.

Walipomaliza, Aba alimkumbatia, akawaambia ndugu kwamba Onofri leo ameshinda vita ambayo yeye mwenyewe aliipiga zamani. Wakampa mahali pa heshima mezani. Onofri alikaa pale pa heshima, dengu ikapoa mbele yake.

Alasiri, jua lilipoanza kulegea, alitumwa nje kuingiza mikeka iliyoanikwa kandokando ya ukuta. Hapo ndipo alipoliona furushi la kitambaa, kitambaa cha kichwa cha mwanamke, kimefungwa fundo na kuwekwa juu ya jiwe ili mchwa wasikifikie. Akakifungua. Ndani mlikuwa na mikate myembamba ya mtama, imekauka kabisa, mingine imepasuka, na ukungu umeanza kwenye kingo. Katikati ya kila mkate palikuwa na tundu la kidole. Mama yake alikuwa akiutoboa mkate hivyo kabla ya kuuweka kwenye kikaango, ili mvuke upate pa kutokea, na majirani walikuwa wakimcheka kwa ajili hiyo. Kutoka pale kwenye jiwe, nyayo ndogo zilikwenda jangwani. Mguu mmoja ulikanyaga, mwingine ulikuwa umeburuzwa.

Onofri aliacha mikeka, akaingia kwa Aba Merkuri bila kubisha, akauweka mkate mmoja mbele yake. Alisema tu kwamba mkate huu ni wa mama yake na nje kuna nyayo.

Hapo, ndugu zangu, Aba Merkuri alikuwa na njia rahisi ya kupita. Angeweza kusema kwamba anayeweza kuiga sauti hawezi kushindwa kuiga mkate. Ndugu wangemwamini, Onofri angetii, na sifa ya mzee ingebaki mahali pake. Wapo wanaosimulia kwamba alifungua kinywa ili aseme hivyo. Lakini aliuchukua mkate mkononi kwanza, akaugeuza, akauvunja. Ulivunjika kama kigae. Aliutazama ule ukungu wa kingoni, akautazama kwa muda mrefu, akawaza ni siku ngapi mkate hukaa ndani ya kitambaa jangwani hata ufike pale, na nani alikuwa amekibeba kitambaa hicho, na alikula nini njiani ikiwa mikate hii hakuila. Labda kwa mara ya kwanza tangu ujana wake hakujiuliza kama jambo lile linavuta mbele au nyuma. Alijiuliza lilimgharimu mtu nini.

"Ibilisi akitaka kutujaribu huleta mkate wa moto," akasema. "Huu umetembea."

Akainuka. Akachukua kiriba cha maji ukutani, akakitia begani. Mzee yule hakuwa amevuka lango tangu siku aliyoshinda ile sauti yake ya ujanani. Ilikuwa nadhiri, na nchi nzima ilijua. Ndugu walimwona akivuka lango na kiriba begani, miguu mitupu, na hakuna aliyethubutu kumwuliza; baadaye wachache wakamfuata kwa mbali. Onofri alikuwa ameshatangulia, anakimbia akizifuata nyayo.

Walimkuta Petronia ndani ya bonde kavu, chini ya mgunga ambao kivuli chake hakikutosha mtu mmoja. Alikuwa ameegemea shina, macho yamefumbwa, midomo imepasuka. Alikuwa hai. Ubavuni mwake palikuwa na kibuyu kikubwa, kitupu, kizibo chake kimening'inia. Mapajani, chini ya mikono yote miwili, palikuwa na kibuyu kingine, kidogo cha kutosha kiganjani, kilichozibwa kwa nta. Onofri alikitikisa, akasikia maji ndani. Hakuelewa. Mwanamke huyu alikuwa anakufa kwa kiu na maji ameyapakata.

Wakamnywesha kutoka kwenye kiriba, kidogo kidogo, Aba akimshikia kichwa, Onofri akimpepea kwa joho lake. Ilichukua muda. Macho yalipofumbuka yalimwona mwanawe, yakamtulia usoni, na hayakuonyesha mshangao wowote.

"Umekonda," akamwambia.

Onofri aliinamisha uso kwenye mikono ya mama yake, akalia waziwazi. Aliitamani mikono ile miaka mingi hata akadhani kuitamani kwake ni dhambi. Kilio chake kilipopungua akamwuliza mbona hakuyanywa yale maji ya kwenye kibuyu kidogo.

"Hayo si yangu," akasema Petronia. "Ni yako. Ni ya mto."

Akawaeleza, kwa vipande vipande, akipumzika kila baada ya maneno machache. Alimngoja mwanawe miaka yote ile arudi kuchukua baraka yake, kwa kuwa hakuna mtoto anayeondoka bila baraka. Hakumkasirikia. Alijua mtoto anamtaka Mungu, na yeye hakuwa na nia ya kushindana na Mungu. Lakini mguu ulipoanza kumlemea alitambua kwamba akingoja zaidi hataweza tena kuja, na mwanawe atabaki njiani maisha yake yote. Wachukuzi wa chumvi walimwambia ile nyumba iko wapi. Alifuatana nao hadi kisima chao cha mwisho, wakamwacha hapo wakaenda zao, akatembea sehemu iliyobaki peke yake. Maji yake ya kunywa yalimwishia kabla ya kufika.

"Nilipofika nilikuita," akasema. "Mkaanza kuimba. Nilikuwa nataka kuomba maji, lakini nikaona si adabu kukatisha zaburi."

Akatabasamu kwa ile midomo iliyopasuka.

"Nikakaa pale ukutani kusikiliza. Walikuwa wengi, lakini kila mwisho wa mstari ulikuwa unabaki wewe. Bado unalingoja lile gurudumu. Nikajua kwamba sheria ya nyumba hairuhusu mtu kutoka, ndiyo maana mmeniimbia, ili nikusikie na niridhike. Nikaweka mikate, nikasema nirudi kisimani ninywe, nije tena kesho." Kisha akamgeukia Aba Merkuri, akamwinamishia kichwa kwa heshima. "Mungu akulipe, Baba. Ulininyima mtoto ukanipa sauti yake."

Wasimulizi wote husimama hapa, na mimi nasimama. Kwa sababu mwanamke huyu alikuwa ameridhika. Alikuwa na zawadi moyoni mwake, na zawadi ile ilikuwa uongo ambao hakuna aliyemwambia. Aba Merkuri alikuwa na haki gani ya kumpokonya? Na kama angenyamaza, nani angemlaumu? Onofri alimtazama mzee na macho yakimsihi anyamaze.

Lakini mzee alikuwa ameshaona mahali kukataa kutazama kulikomfikisha. Akapiga magoti mchangani mbele ya Petronia.

"Mama," akasema, "hatukukuimbia wewe. Tulikufukuza. Nilidhani wewe ni Ibilisi umekuja kumpoteza mwanao, na nyimbo zile ni silaha tunayoitumia. Mwanao alitaka kutoka, mimi nikamzuia. Nisamehe."

Tabasamu lilimtoka Petronia, na ilikuwa vigumu kwa wote wawili kuliona likitoka. Kisha akamtazama mzee aliyepiga magoti, akamtazama vizuri, uso na mikono na miguu ile mitupu iliyokatwa na mawe, kwa macho ya mtu aliyelea, anayejua kwamba mtoto hatetemeki hivyo kwa kosa la leo peke yake.

"Na wewe, Baba," akauliza, "mama yako aliwahi kuja?"

Hakuna mtawa aliyewahi kumwuliza Aba Merkuri swali hilo. Walikuwa wamelisikia jibu lake wakati wote, kila mwaka, likisimuliwa kama ushindi. Mzee alitazama upande ule jangwa lilikokwenda hadi mwisho wa macho.

"Ilikuja sauti," akasema. "Adhuhuri, kama leo. Niligonga ubao hadi ikanyamaza. Sikutoka kutazama nyayo. Kesho yake upepo ulivuma."

"Ilikuitaje?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Mere," akasema. Kwenye dunia hii hapakuwa na mtu mwingine aliyelijua jina hilo, na yeye hakuwa amelitamka tangu siku ile.

Petronia akamwambia mwanawe apige magoti. Akabandua nta ya kile kibuyu kidogo kwa kucha, akamimina maji ya mto kwenye kiganja, akammwagia Onofri utosini, akaacha mkono wake pale. "Kudi, mwanangu. Nenda na amani, rudi na amani, mlango uko wazi." Na Onofri, aliyeogopa ujana wake wote kwamba mkono ule ukimgusa hatasimama tena, alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu aondoke kwao alijisikia yuko mahali.

Maji yalikuwa yamebaki kidogo. Petronia aliyatazama. Kisha akamwita mzee asogee, naye akasogea kwa magoti. Kwa umri alikuwa mkubwa kuliko mama yule, na kwa cheo maaskofu waliokuja kumtembelea walisimama alipoingia. Petronia akayamimina yote kichwani pake, hata tone la mwisho, akatia mkono juu ya zile mvi.

"Mere, mwanangu," akasema. "Nenda na amani, rudi na amani. Mlango uko wazi."

Wanasema Aba Merkuri alilia kilio ambacho ndugu waliokuwa wakija nyuma walikisikia kutoka mbali, wakasimama, wasijue kama waende mbele au waanze kuimba. Hakuna aliyeimba.

Petronia alikaa katika kibanda cha wageni hadi akapata nguvu, akilishwa dengu na kuwasema ndugu kwa sababu ya mikate yao isiyotobolewa. Msafara wa chumvi uliporudi, Aba alimruhusu Onofri amsindikize hadi mtoni. Alimsindikiza, akalisikia gurudumu, akarudi. Hakuna aliyeogopa kwamba hatarudi.

Desturi ya ubao ikaisha. Mahali pake ikawekwa nyingine: adhuhuri lango linabaki wazi, na nje yake, upande wa kivuli, unakaa mtungi wa maji na kata ya kuchotea. Sauti ikiita, mtu anatoka na maji kwanza. Kama hakuna mtu, maji yatamwagwa mchangani na hakuna hasara. Kama yupo mtu, atakunywa. Aba Merkuri aliwafundisha hivyo hadi mwisho, na waliokuja kumwuliza juu ya ndoto na sauti zao alianza kuwauliza kwanza kama wamekwenda kutazama nani anaita na amepungukiwa na nini. Kipawa chake, wanasema, ndipo kilipoanza kuwa kipawa.

Na miaka aliyobakiwa nayo, kila adhuhuri, yeye mwenyewe ndiye aliyekaa nje penye mtungi ule, kata mkononi, uso ameuelekeza jangwani. Wapo ndugu waliomwambia kwa upole kwamba aliyeita zamani, kama alikuwa mtu, hawezi kuita tena. Alikuwa akijibu kwamba anajua. Kisha alikuwa akibaki amekaa.

Ndugu zangu katika imani, Bwana wetu alikwenda kaburini kwa rafiki yake akijua kwamba atamfufua, na hata hivyo alilia na waliokuwa wakilia. Hakuona kwamba machozi yale yanamvuta nyuma. Sisi tumejifunza kuimba vizuri, tena tunaimba kwa sauti kubwa, na Mungu anajua kwamba wengi wetu tunaimba kwa moyo safi. Basi Jumapili tukitoka, tutazame chini ya ukuta. Ni nani huyo aliyetaka kutuomba maji, akaona si adabu kukatisha zaburi yetu?